Tusimlilie Bert Williams, tumtazame

Kila anapotajwa Bert Williams, kauli ya W. C. Fields haikawii kufuata. Fields, mchekeshaji wa Kizungu aliyeshiriki naye jukwaa New York, alisema kuwa Williams ndiye mtu aliyechekesha kuliko wote aliowahi kuwaona, na ndiye aliyekuwa na huzuni kuliko wote aliowahi kuwajua. Maneno hayo yalitoka kwa rafiki, nayo yamerudiwa mno hata yamekuwa utambulisho rasmi wa marehemu. Muulize mtu anayejua kidogo tu habari za burudani ya Marekani ya zama zile. Huenda asikumbuke wimbo wala filamu hata moja ya Williams, lakini hiyo huzuni atakuwa ameisikia.

Mimi nina ugomvi na sifa hiyo. Inamgeuza mtu aliyefungiwa milango kuwa mtu aliyezaliwa na majonzi. Milango ile ilikuwa na wenyewe: wamiliki wa kumbi, wenye hoteli, watayarishaji, vyama vya waigizaji. Tukishakubali kwamba Williams alikuwa na huzuni kwa maumbile yake, hao wote wanaponyoka kimyakimya, nasi tunabaki kumpa pole marehemu. Zaidi ya hapo, huruma imetuzoesha kuzungumzia machozi ya mtu huyu bila kuitazama kazi yake. Nadai kwamba Williams alikuwa fundi kwanza, na kwamba ushahidi upo, tena katika filamu.

Jina lake kamili ni Egbert Austin Williams. Alizaliwa Nassau, Bahamas, tarehe 12 Novemba 1874. Angali mtoto, wazazi wake walihamia Marekani na hatimaye wakaweka makazi Riverside, California, ambako alimaliza shule ya sekondari, jambo lisilokuwa la kawaida kwa kijana mweusi wa enzi hizo. Alikua mrefu, maji ya kunde, msemaji wa Kiingereza fasaha na mpenzi wa vitabu. Mashamba ya pamba ya Kusini hakuyajua, na lahaja ya Weusi wa huko hakuwa nayo. Baadaye alieleza kwamba ilimbidi ajifunze lahaja ile kama mtu anavyojifunza lugha ya kigeni. Basi yule mzembe mwenye bahati mbaya, anayeburuza miguu na kumeza maneno, ambaye Marekani nzima ilimcheka, hakuwa Williams. Alikuwa mhusika aliyetungwa, akafanyiwa mazoezi, akapandishwa jukwaani kila usiku.

Mwaka 1893, San Francisco, alikutana na George Walker, kijana wa Lawrence, Kansas, mfupi, mtanashati, mwepesi wa miguu na wa ulimi. Soko waliloingia lilikuwa na desturi yake chafu. Tangu miaka ya 1830 Wazungu wa Marekani walikuwa wakijipaka masizi ya kizibo kilichochomwa, wakijichora midomo mipana, kisha wakiimba na kurukaruka jukwaani kwa madai kwamba hivyo ndivyo watu weusi walivyo. Maonyesho hayo yalipendwa kupita burudani nyingine yoyote nchini. Weusi wenyewe walipoanza kupata nafasi ya kupanda jukwaani, walikuta umbo lao limeshachukuliwa na kupotoshwa, na watazamaji wanadai walivae lilivyo. Mtu mweusi alitakiwa ajipake weusi.

Kuna kisa kimoja cha mwaka 1894 kinachoonyesha soko hilo lilivyokuwa. San Francisco iliandaa maonyesho makubwa ya kimataifa katika bustani ya Golden Gate, na waandaaji walikuwa wameagiza watu kutoka Dahomey, ambayo leo ni Benin, waje kuketi katika kijiji cha maonyesho ili wageni walipe kuwatazama. Wadahomey wakachelewa kufika. Waandaaji wakakodi Weusi wa mjini wajifanye Wadahomey, na miongoni mwa waliokodiwa walikuwa Williams na Walker. Waafrika wenyewe walipowasili, vijana wale waliachishwa kazi, lakini walirudi kijijini kuwatazama na kujifunza kwao. Walker aliandika miaka kadhaa baadaye kwamba hapo ndipo walipoazimia kuiweka Afrika jukwaani siku watakapopata uwezo. Hebu fikiria: mzaliwa wa Bahamas na mzaliwa wa Kansas wanalipwa kuwa Waafrika wa bandia, na hakuna mteja anayegundua tofauti. Mteja alikuwa na picha yake kichwani kabla hajakata tiketi, na alilipa ili athibitishiwe.

Wawili hao wakaamua kuifanyia biashara dhihaka hiyo. Walijitangaza kwa lile jina la matusi ambalo Wazungu waliwaitia Weusi, wakaongeza kwamba wao ndio halisi. Maana yake ilikuwa wazi: kama mmekuwa mkilipia nakala, huyu hapa mwenyewe. Mwanzoni Williams ndiye aliyeigiza mjanja na Walker mpumbavu. Kisha wakabadilishana, kwani waligundua kwamba Walker akivaa suti za kifahari na kujitapa, na Williams akimfuata nyuma taratibu kwa mashaka, ukumbi hauna simile. Mwaka 1896, katika ukumbi mmoja mjini Detroit, Williams alijipaka masizi kwa mara ya kwanza, kwa majaribio tu, akashangaa jinsi watu walivyocheka.

Alilieleza jambo hilo mwenyewe katika makala aliyoandika kwenye jarida la American Magazine mwaka 1918. Kwa mujibu wake, kipaji chake cha kuchekesha kiliamka pale alipoweza kujiona kama mtu mwingine. Maelezo hayo yanawatia watu wengi kiwewe, nami naelewa kwa nini. Tungependa masizi yale yawe pingu tupu. Williams anatuambia yalikuwa pingu na pia yalikuwa chombo cha kazi, na kwamba nyuma yake alipata faragha ya kumchunguza binadamu anayeandamwa na mikosi. Mtu anaweza kulaani aliyemlazimisha avae pingu na bado akakiri kwamba aliyevaa alijua kuzitumia.

Matunda yalikuja haraka. Walipofika New York walisaidia kuieneza dansi ya cakewalk hadi ikawa homa ya mji. Tarehe 18 Februari 1903 walifungua In Dahomey katika ukumbi wa New York Theatre, Broadway. Muziki ulikuwa wa Will Marion Cook, mashairi ya nyimbo ya Paul Laurence Dunbar, na hadithi ya Jesse A. Shipp. Lilikuwa igizo la kwanza kamili la muziki, lililotungwa na kuchezwa na Weusi, kuonyeshwa katika ukumbi mkubwa wa Broadway. Mwaka huo huo lilivuka bahari hadi Shaftesbury Theatre, London, na tarehe 23 Juni 1903 wakaitwa Buckingham Palace kulicheza mbele ya familia ya kifalme, mjukuu wa mfalme, Edward, alipotimiza miaka 9. Mwaka 1904, mjini Edinburgh, Williams alipokelewa katika jamii ya Frimasoni, ambayo matawi yake ya Wazungu nchini Marekani yasingemkaribisha hata mlangoni.

Mwaka 1906 wakatoa Abyssinia, igizo lililowekwa katika Ethiopia ya Mfalme Menelik, miaka 10 tu baada ya Menelik kuwashinda Waitaliano Adwa. Ndani yake Waafrika wa ikulu ndio wenye taratibu na heshima, na Wamarekani waliokuja kutalii ndio wanaotia aibu. Mwaka 1908 ikafuata Bandanna Land. Katika kipindi hicho ndipo ulipozaliwa wimbo wake mashuhuri, Nobody, aliotunga muziki wake mwenyewe kwa maneno ya Alex Rogers. Ni malalamiko ya mtu anayehesabu nyakati zake za dhiki na kujiuliza nani alimsaidia. Williams aliuimba nusu akizungumza, akiziburuta pumzi, akiacha ukimya urefuke hadi mtazamaji ajisogeze kitini. Watu waliupenda hata wakamtesa nao. Kila alipopanda jukwaani waliudai, na aliandika kwa utani kwamba ilifika siku akatamani mtunzi wa maneno na wa muziki wangekufa kabla ya kuutunga.

Katikati ya mafanikio hayo, mji uleule uliowapigia makofi uliwakumbusha wao ni nani kwake. Agosti 1900 zilizuka ghasia New York, makundi ya Wazungu yakawa yanawasaka Weusi mitaani, na majina yaliyopigiwa kelele yalikuwa ya wale waliojulikana zaidi, yaani waigizaji. Williams na Walker walikuwemo katika orodha hiyo. Walker aliponea chupuchupu. Umaarufu uliowaingizia fedha ndio uliowafanya wawe shabaha.

Mwaka 1909 Walker aliugua kaswende na hakuweza tena kufanya kazi. Mkewe, Aida Overton Walker, mcheza dansi hodari kuliko wote wa kizazi chake, alivaa nguo za mumewe na kucheza nafasi yake jukwaani. Walker alifariki Januari 1911. Williams akabaki bila mwenzi aliyejua kupigania mikataba na kusema hapana.

Wakati huo mtayarishaji Florenz Ziegfeld alikuwa ameshamwita katika Follies, onyesho ghali na la kifahari kuliko yote ya Broadway. Baadhi ya waigizaji wa Kizungu walitishia kuondoka iwapo mtu mweusi angepanda nao jukwaani. Ziegfeld aliwajibu kwamba anaweza kupata wa kujaza nafasi ya yeyote kati yao, lakini si ya huyo waliyetaka amfukuze. Hawakuondoka. Williams akafungua mwaka 1910 na kubaki huko karibu miaka 10, katika kundi ambalo lilikuja kuwa na Fanny Brice, Fields na Eddie Cantor.

Naomba tusimame hapo. Tumezoea kusikia kwamba ubaguzi wa zama zile ulikuwa hali ya hewa, kwamba hakuna aliyeweza kufanya lolote. Hapa bwana mmoja mwenye hisa katika biashara alisema neno moja, na tishio likayeyuka. Kama lingeweza kuyeyuka mwaka 1910, kila mahali pengine liliposimama palikuwa na mtu aliyechagua lisimame. Ziegfeld mwenyewe naye alichagua pa kusimama: inaelezwa kwamba walikubaliana Williams asiachwe peke yake jukwaani na mwigizaji mwanamke wa Kizungu, na asipelekwe katika ziara za Kusini.

Ndani ya mipaka hiyo, tazama alichofanya. Katika Follies ya 1911 alicheza na Leon Errol kichekesho kilichohusu kituo cha reli cha Grand Central, ambacho kilikuwa bado kinajengwa. Errol ni abiria aliyepotea, Williams ni mchukuzi wa mizigo anayemwongoza juu ya vyuma vilivyoning'inia angani. Wamefungana kwa kamba. Abiria anateleza mara kwa mara, na kila mara mchukuzi anamvuta na kumwokoa. Kisha mchukuzi anatambua kwamba bakshishi ya kazi yote hiyo ni senti tano. Safari inayofuata abiria anapoteleza, kamba inaachiwa. Huyo ni mtu mweusi anayemwachia Mzungu aanguke, mbele ya ukumbi uliojaa Wazungu waliovalia rasmi, katika nchi ambayo watu weusi waliuawa na umati kwa makosa madogo kuliko hayo. Na ukumbi ukavunjika mbavu. Hakuna hotuba ya wakati ule ambayo ingepita pale na kueleweka hivyo. Ilipita kwa sababu ilibebwa na vipimo: mchukuzi alisita kiasi gani kabla ya kuachia, na uso wake ulisema nini wakati anahesabu.

Vipimo hivyo ndivyo sinema bubu ilivyovihifadhi. Mwaka 1916 kampuni ya Biograph ilimpa nafasi ya kuigiza A Natural Born Gambler, filamu fupi kuhusu wacheza kamari wa klabu moja ya Weusi. Hadithi yake imejaa mambo tuliyoyachoka. Lakini mwishoni mhusika wake yuko jela peke yake, bila karata na bila mwenzi, naye anaanza kucheza poka. Anachanganya karata zisizokuwepo. Anawagawia wachezaji wasiokuwepo. Anaziinua zake na kuzifungua taratibu, pembe kwa pembe, na matumaini yanapanda usoni kabla hajawahi kuyakandamiza. Anaweka dau. Anamtupia jicho mpinzani wa kushoto, kisha wa kulia, akipima nani anadanganya. Anaongeza dau kwa ujasiri wa mtu aliyeshika karata nzuri, kisha anaoneshwa karata nzuri zaidi. Uso unashuka.

Kichekesho hiki alikwisha kukifanya mara nyingi jukwaani, na ndicho kilichomfanya apate heshima ya wachekeshaji wenzake. Sinema bubu ilimnyang'anya sauti, na pamoja na sauti ikaiondoa ile lahaja ya bandia iliyokuwa nusu ya mzaha wa maonyesho ya masizi. Kilichobaki ni vidole, kope na mabega. Mtazame mtu huyo kwa dakika mbili na utasahau kumcheka kwa rangi yake. Utamcheka kwa sababu umewahi kuwa na karata nzuri maishani ukashindwa. Hapo ndipo nauona ushindi wake: alipewa kikaragosi, akakirudisha kikiwa mtu mwenye mawazo.

Hata hivyo kazi yake kubwa ya filamu haikuonwa na mtu yeyote alipokuwa hai. Mwaka 1913, Biograph kwa kushirikiana na Klaw na Erlanger, wakubwa wa biashara ya kumbi za tamthilia, walimfanya Williams kiongozi wa filamu ndefu ya vichekesho. Walikusanya makumi ya waigizaji Weusi, wengi wao kutoka majukwaa ya Harlem. Williams ni mmoja wa wanaume watatu wanaomgombea binti mmoja, aliyechezwa na Odessa Warren Grey. Kuna mkutano wa klabu, gwaride, mashindano ya uwanjani, dansi, na safari ndefu juu ya farasi wa mbao wanaozunguka, wapenzi wawili wakicheka hadi kuchoka. Mwishoni anamsindikiza binti kwao na wanabusiana. Williams amepakwa masizi. Karibu wote wanaomzunguka wanaonekana kwa nyuso zao wenyewe, wamevaa vizuri, wanafurahia siku ya mapumziko.

Filamu ilipigwa, kisha ikaachwa. Haikuhaririwa, haikuandikiwa maneno ya kati, haikupewa hata jina. Mwaka 1915 ikatoka The Birth of a Nation, ambamo Wazungu waliojipaka masizi waliwaigiza Weusi kama wabakaji na wahuni, na Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, wakachorwa kama waokozi. Hiyo ilipata kumbi, matangazo, na onyesho ndani ya ikulu ya rais wa Marekani. Ile iliyomwonyesha mtu mweusi akimchumbia mpenzi wake katika bustani ya burudani ililala gizani.

Mwaka 1939 Iris Barry wa Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York alichukua negativu zipatazo 900 za Biograph. Ndani ya shehena hiyo ilikuwamo mikanda saba isiyo na jina. Kuitambua kulichukua miaka mingi. Walifika hatua ya kuwatumia wataalamu wa kusoma midomo ili kujua waigizaji wanasema nini. Mwaka 2014 makumbusho yaliionyesha kwa umma, na mwaka huohuo ikaingizwa katika orodha ya taifa ya filamu za kuhifadhiwa, kwa jina la Bert Williams Lime Kiln Club Field Day. Ndiyo filamu ndefu kongwe zaidi inayojulikana kubaki yenye waigizaji wakuu Weusi.

Kwa kuwa haikuhaririwa, kamera imetunza yale ambayo kwa kawaida hukatwa na kutupwa. Tukio lilelile linarudiwa mara mbili, mara tatu, na unaweza kumwona Williams akilibadilisha: safari hii anachelewesha tabasamu, safari ile anageuza kichwa mapema zaidi. Waigizaji wanasubiri ishara, wanataniana, wanarekebisha kofia. Waongozaji Wazungu wanaingia kwenye picha kutoa maelekezo. Na Williams anaonekana akicheka, yeye mwenyewe na si mhusika wake, miongoni mwa watu anaowajua. Mwenye kuamini kwamba huzuni ilikuwa damu yake na aitazame sehemu hiyo.

Nasikia swali la upande wa pili, na ni swali zito. Je, mtu huyu hakuwalisha Wazungu kile walichotaka? Kuna Weusi wa wakati wake waliosema hivyo, na waliokuja baadaye walisema kwa ukali zaidi. Novemba 1920 Charles Gilpin alicheza nafasi kuu ya The Emperor Jones mjini New York, mtu mweusi katika tamthilia nzito. Mwaka huo Oscar Micheaux alitoa filamu yake Within Our Gates, iliyoonyesha Weusi wakinyongwa na umati bila kuficha kitu. Mei 1921 Shuffle Along, igizo la muziki la Weusi, likaleta kizazi kipya Broadway. Wakati haya yanatokea, Williams alikuwa bado anajipaka masizi. Mtayarishaji David Belasco aliwahi kumtaka afanye naye kazi, naye akabaki kwa Ziegfeld kwa kuona kwamba ana deni la shukrani kwake.

Sitakana kwamba kuna hasara hapo. Miaka karibu 10 ndani ya Follies, mtu wa kipaji kile angeweza kujaribu zaidi. Lakini naona wanaomlaumu na wanaomlilia wanakosea mahali pamoja. Wote wanaishia kwenye masizi. Mmoja anaona aibu, mwingine anaona kovu, na hakuna anayeuliza mikono ile ilikuwa inafanya nini. Hata Booker T. Washington, kiongozi mashuhuri wa Weusi wa zama zile, ambaye alimsifu Williams kwa kusema amewafanyia Weusi makubwa kuliko aliyofanya yeye, alimsifu kwa kufungua mioyo ya Wazungu kwa tabasamu. Nayo ni sifa inayompima mwigizaji kwa jinsi alivyowapendeza wengine.

Williams mwenyewe aliieleza hali yake bila majonzi. Katika ile makala ya 1918 alisema hajawahi kuona fedheha yoyote katika kuwa mtu mweusi, ila ameona usumbufu, hasa Marekani. Katika maktaba yake alikuwa na kitabu cha John Ogilby kuhusu Afrika kilichochapishwa mwaka 1670, na alipenda kutania kwamba kwa kitabu hicho angeweza kuthibitisha kuwa kila mchukuzi mweusi wa treni za Marekani ni mjukuu wa mfalme. Eddie Cantor alisimulia jinsi hoteli moja ilivyomlazimisha Williams kupanda lifti ya mizigo baada ya onyesho, naye akasema isingeuma sana kama masikio yake yasingekuwa bado yanasikia makofi. Katika maneno hayo sioni mtu aliyezidiwa na huzuni isiyo na sababu. Namwona mtu mwenye akili kali, anayeitaja sababu kwa jina.

Agosti 1919 waigizaji wa New York waligoma. Williams alifika ukumbini kama kawaida, akavaa, akajipaka, akatoka jukwaani na kukuta viti vitupu. Hakuna aliyemwarifu, maana chama cha waigizaji hakikuwa na nafasi ya mtu mweusi. Fields ndiye aliyemsaidia kupata uanachama mwaka uliofuata. Kwangu tendo hilo lina uzito kuliko kauli yake yote kuhusu huzuni. Kauli ilihitaji moyo mwema tu. Tendo lilihitaji kuwakabili wenzake na kuwaambia wamekosea. Na kwa mara nyingine tena, mwenye sauti alipoitumia, mlango ulifunguka.

Mwisho wake unajulikana. Februari 1922, akiwa katika ziara na igizo la Under the Bamboo Tree, alianguka jukwaani Detroit, mji uleule alikojipaka masizi kwa mara ya kwanza, na watazamaji wakacheka wakidhani ni sehemu ya mchezo. Alikuwa na nimonia. Alifariki New York tarehe 4 Machi 1922, akiwa na miaka 47, na akazikwa katika makaburi ya Woodlawn, Bronx. Wasimulizi wanapenda kumalizia pale Detroit, kwenye kile kicheko cha makosa, kwa sababu kinamweka marehemu palepale walipomtaka.

Mimi nataka tumalizie na hesabu. Mikanda saba iliyopigwa mwaka 1913 ilisubiri hadi 2014. Katika miaka hiyo yote hakuna mtazamaji hata mmoja aliyeikataa, kwa kuwa hakuna aliyeulizwa. Waliamua wachache waliodai kuujua moyo wa umma kuliko umma wenyewe, na watu wa aina hiyo bado wanashika fedha za filamu, za tamthilia na za televisheni kila mahali. Utawasikia wakisema hadithi fulani haitauzika, mwigizaji fulani watu hawako tayari naye. Kisa cha Williams kinawapa jibu lenye tarehe. Mwaka 1910 waigizaji ndio waliotishia kuondoka, na watazamaji wakajaza ukumbi kwa miaka karibu 10. Atakayerudia hoja hiyo leo na atuonyeshe kwanza ni lini aliionyesha kazi yenyewe, kwa nani, na nani aliondoka ukumbini.